Kwa Nini Farasi Mzee Hunusa Miguu ya Mtoto

Zamani sana, wafugaji wa bondeni waliwapandisha watoto wao juu ya farasi wachanga, ili wakue pamoja. Walikua, ndiyo, lakini wengi kwa mikono iliyovunjika. Farasi wazee nao, meno yakiisha, walifunguliwa kamba wakaachiwa fisi.

Mama mmoja, Hawaye, alikuwa na binti, Kuresha, aliyeanguka mara mbili akabaki na kiwiko kisichokunjuka. Tangu hapo, akisikia kwato tu, alijificha nyuma ya mama yake. Mwaka ule mvua ziliwahi, na kambi ililazimika kuvuka mto kabla haujafurika. Farasi wakubwa walijaa mizigo. Mtoto asiyeweza kupanda farasi wake mwenyewe angebaki ng'ambo ya huku na wagonjwa, mbali na mama yake, hadi kiangazi.

Asubuhi ya kuhama, Hawaye alimwona Majivu, farasi jike mzee aliyekwisha kuachwa. Kuku alikuwa akipita chini yake na vifaranga. Majivu aliinua ukwato, akangoja mpaka kifaranga cha mwisho kikapita, ndipo akaushusha taratibu.

Hawaye akamnyanyua bintiye, akamweka mgongoni mwa Majivu.

"We Hawaye!" akacheka Mzee Barisa, mkuu wa kambi. "Huyo hata nyasi zinamshinda! Sasa nani atampeleka mwenzake?"

"Atamfikisha, baba. Nimeona anavyokanyaga."

"Mama, nitaanguka," Kuresha alilia.

Majivu akageuza shingo. Akanusa mguu wa kushoto wa mtoto, kisha wa kulia. Alipoikuta yote miwili, akaondoka.

Katikati ya mto radi ikapiga. Farasi wachanga wakaruka huku na huku, watoto wakatumbukia majini, na baba zao wakawadaka kwa nguo. Majivu alisimama tuli. Lakini Kuresha alikuwa ameteleza. Majivu akanusa kushoto, hakukuta mguu. Akakataa kusogea, maji yakimpanda kifuani.

"Rudisha mguu, mwanangu!" Hawaye alipiga kelele. "Anakungoja wewe!"

Kuresha akashika singa za shingoni kwa mkono wake mzima, akajivuta, akauvusha mguu. Majivu akanusa tena. Ndipo akaenda.

Walifika ng'ambo wa kwanza. Vigelegele vilipasua bonde! Kuresha, aliyekuwa akiogopa hata kwato, alikaa wima kama bibi harusi.

"Babu Barisa!" aliita. "Haya, nani amempeleka mwenzake?"

Mzee alikuwa amelowa hadi ndevu kwa kuokoa wajukuu. Alicheka mpaka akaketi matopeni, kisha akavua kilemba chake kikavu kidogo, akamfuta Majivu uso. "Huyu asiachwe tena," alisema. "Na watoto wenu wote waleteni kwake."

Na tangu siku hiyo farasi mzee hupikiwa uji wa pumba, na mtoto huanza safari zake mgongoni kwake. Nawe ukimpandisha wako, usimharakishe farasi. Atageuza shingo, anuse mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Mngoje amalize.