Pilipili ya Bure

Sharubati ya ukwaju haingoji kesho, ndiyo maana Mwantumu alifika alfajiri kwenye maonyesho ya wakulima, akapanga madumu yake langoni. Jua lilipopanda akaja Bwana Shekalaghe, mfadhili wa maonyesho, na majiko yake na magunia ya muhogo wa kukaanga.

"Mama, hapa ni pa watu wakubwa. Nenda kule nyuma, kwenye zizi la mbuzi. Na nisikusikie ukiita wateja wangu."

"Nimekuelewa, mkubwa. Sitamwita hata mmoja," alisema Mwantumu. "Ila huo muhogo utaliwa na nini? Sioni pilipili."

"Pilipili ni gharama. Chumvi inatosha."

"Lo! Muhogo mkavu, mbele ya mgeni rasmi? Haya, chukua kopo langu hili. Nimeisaga mwenyewe. Bure."

Neno "bure" lilimlainisha tajiri. Akaipaka kwenye kila kipande, kwa ukarimu wa mtu anayegawa mali isiyo yake.

Adhuhuri watu walimiminika kutoka langoni, midomo wazi, machozi yakiwatoka. Wa kwanza aliyepoa kwa sharubati aliwaelekeza wenzake alikohamia Mwantumu, na foleni ikalizunguka zizi la mbuzi. Bwana Shekalaghe naye akaja mbio, jasho likimchuruzika.

"Si nilikukataza kuwaita?"

"Nimemwita nani, mkubwa? Umeniletea mwenyewe." Mwantumu akafungua dumu la mwisho, akamtazama midomo ilivyomvimba. "Kumbe na wewe umeonja? Pole. Foleni inaanzia kule, kwa mbuzi."