Vipande Vilivyosema Bado

Msidhani mbega mnaowaona leo kwenye msitu wa mlima Rungwe, weusi wenye ndevu nyeupe na manyoya marefu mabegani, walianza hivi walivyo. Zamani hizo mtoto wa mbega alikuwa anazaliwa mzee. Chekeni, nami nacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitoka tumboni mweusi tii, ndevu zimemshuka, mabega yamevaa manyoya yake. Kila alichokuwa nacho babu yake naye alikuwa nacho, isipokuwa kimo tu.

Sababu ilikuwa humo humo mwilini. Ndani ya kila mbega mna kitabu kikubwa kisichotoka chumbani mwake, na kitabuni mmeandikwa yote yanayomhusu, kuanzia moyo hadi ncha ya mkia. Waandishi hunakili kurasa zake na kuzituma nje zikiwa barua, na mafundi wakipokea barua hujenga. Siku hizo mafundi walikuwa na bidii ya kutisha. Barua ya ndevu ikifika, ndevu zinajengwa papo hapo, mwenye kidevu awe amezaliwa au hajazaliwa.

Na mbega ni watu wa heshima, msiwaone vile. Mtoto akizaliwa, ukoo mzima ulipanga foleni kumwamkia shikamoo. Walimpa tawi lake, wakamuuliza habari za safari, kisha wakaenda zao kula majani. Nani angethubutu kumbeba mtu mwenye ndevu? Mama yake peke yake ndiye aliyejua kwamba mzee huyu hajui hata kushika tawi.

Mama mmoja, Sekela, alilijua hilo kuliko wote. Mbega hana dole gumba, kwa hiyo akimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja na kuchuma majani kwa mwingine, mikono yote miwili huchoka upesi. Mtoto wake wa kwanza alimponyoka siku ya tano, njaa ilipokuwa imemlegeza mama. Ukoo ulisikitika sana kwamba mzee wa watu ameanguka. Sekela alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipopata mimba ya pili, furaha na hofu vilimjaa kwa pamoja, akawa anaongea na tumbo lake kutwa nzima.

"Wifi, unaongea na nani?" aliuliza Tupokigwe, dada wa mumewe.

"Na mafundi. Nawaomba wasiniletee mzee mwingine. Nataka mtoto, wifi yangu. Mtoto ambaye kila atakayemwona atajua ni mtoto."

"Haya. Wakikujibu uniite na mimi," akasema Tupokigwe, akajiendea zake huku akicheka.

Mafundi hawakusikia kitu, maana karakana ilikuwa na kelele. Vilivyosikia ni vipande. Hivi vilikuwa vijibarua vifupi mno, vya herufi ishirini na mbili tu au zaidi kidogo, visivyotosha kuagiza hata ukucha. Vilizagaa sakafuni, mafundi wakivikanyaga na kuviita takataka. Maneno ya Sekela yaliviingia.

"Kujenga hatujui," kikasema kipande kimoja. "Lakini kukaa tunajua."

Ilipoingia barua ya rangi nyeusi, kipande ambacho herufi zake ziliingiana na za barua hiyo kama kifungo na tundu lake kilirukia pale pale, kikakaa. Kingine kikakalia barua ya ndevu, kingine ya manyoya ya mabegani. Barua ya moyo havikuigusa, wala ya mapafu, wala ya vidole vya kushikia.

Fundi mkuu akaja juu. "Nani amekalia barua yangu? Nitaisomaje?"

"Shikamoo, baba," vikaitika kwa adabu. "Hatukatai kazi yako. Tunasema bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka abebwe kwanza."

Fundi mkuu hakuwahi kulisikia neno hilo maishani mwake. Alilionja mdomoni, bado, bado, akaliona tamu. Akaketi, akapumzika kidogo kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Sekela alijifungua asubuhi moja ya ukungu. Foleni ya shikamoo ilikuwa imeshapangwa, Tupokigwe mbele. Akafungua kinywa, salamu ikamkwama. Mbele yake palikuwa na kiumbe cheupe pe, kutoka mkiani hadi utosini, na kijiuso chekundu kilichokunjamana.

"Mh! Kumbe ni katoto!" akapiga kelele, akamnyakua.

Foleni ikavunjika. Bibi Tusekile, mkongwe wa ukoo, ambaye hakuwa ameshuka tawini kwake tangu mvua za mwaka uliopita, alishuka mwenyewe bila kushikwa mkono akidai zamu yake. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa amepakatwa na watu kumi na mmoja. Sekela akatazama mikono yake miwili mitupu. Akachuma majani kwa yote miwili, akala, akalia na kucheka kinywa kikiwa kimejaa. Wakamwita mtoto Lusekelo, yaani furaha.

Mwezi wa tatu tangu mtoto azaliwe, Sekela alipokuwa akimchambua Lusekelo manyoya, aliona doa la kijivu mgongoni. Kule ndani kipande cha kwanza kilikuwa kimeinuka, na fundi mkuu alikuwa ameshaanza kusoma.

"Bado, jamani," Sekela akanong'ona. "Bado kidogo tu."

"Mama," vipande vikamjibu kwa upole, "ameshabebwa."

Lusekelo akajinasua mikononi mwake, akaruka, akadaka tawi la mbali kwa vidole vyake vinne. Hakuanguka. Sekela akapiga kigelegele msitu mzima ukasikia.

Siku hizi wasomi wa maabara wameviona vipande vya namna hiyo ndani ya nyani, ndani ya sokwe na ndani yetu sisi. Wanaviita RNA ndogo, na wanasema kweli kazi yake ni kunyamazisha barua. Kwa hiyo wewe wa miaka tisa unayejipapasa kidevu kwenye kioo, nenda kacheze. Barua yako ipo, imekaliwa tu.

Na tangu siku hiyo mtoto wa mbega huzaliwa mweupe, na ukoo mzima hugombea kumbeba. Doa la kwanza la kijivu likitokea, mama yake humvuta karibu, akalitazama kwa muda, kisha akamwachia.