Mfalme Nyati na Kindi wa Nyuma ya Pazia

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa sare na kwenda shule kama nyinyi, Mwalimu Korongo alitangaza kwamba siku ya wazazi kutakuwa na mchezo wa kuigiza. Nafasi iliyotamaniwa na wote ilikuwa moja tu, ya mfalme.

Kindi aliitaka nafasi hiyo mpaka akakosa usingizi. Nyumbani kwao alikariri maneno yote ya mfalme huku akichochea moto.

"Enyi raia zangu, nisikilizeni!" alinguruma, mwiko juu.

"Nakusikia, mfalme wangu," mama yake akajibu, "lakini maharage yanaungua!"

Siku ya kuchagua ikafika. Kindi akanyoosha mkono. Nyati naye akasimama, na dawati likainuka naye, kwaa! Mwalimu Korongo akampima kwa macho.

"Mfalme ni mwili," akasema. "Nyati, taji ni lako. Kindi, wewe utakaa nyuma ya pazia. Mwenzako akisahau, mnong'oneze."

Roho ilimuuma Kindi, wanangu, asiwaambie mtu.

Na Nyati je, alikariri? Thubutu! Kutwa alishinda akigaragara matopeni.

"Mbona hujifunzi maneno?" Kindi akamuuliza.

"Nijifunze ya nini, na wewe upo? Wewe sema, nami niseme. Na ukimwambia mwalimu, nitakukalia!"

Kindi aliyatazama mapaja yale, akarudi zake nyuma ya pazia.

Mazoezi yakaenda hivyo hivyo. Kindi ananong'ona, Nyati anapaza sauti. Siku moja vumbi la pazia likampanda Kindi puani.

"Chya!" akapiga chafya.

"CHYA!" Nyati akawatangazia raia zake, kifua mbele.

Darasa zima likaangua kicheko, naye Nyati akadhani anashangiliwa. Nyuma ya pazia, Kindi aliacha kununa. Alikuwa amepata wazo.

Siku ya wazazi ikawadia. Tembo, mgeni rasmi, alijaza benchi la mbele peke yake. Ngoma zikalia, ti! ti! ti! Nyati akaingia, taji kichwani, pembe zikimeta kwa mafuta ya nazi. Akasimama karibu na pazia, akangoja kusemewa.

"Enyi raia zangu," Kindi akanong'ona.

"ENYI RAIA ZANGU!"

Makofi, pa pa pa!

"Mimi sijakariri hata neno moja."

"MIMI SIJAKARIRI HATA NENO MOJA!"

Miwani ikamdondoka Mwalimu Korongo.

"Maneno yote anayajua Kindi, nami nilitishia kumkalia."

"MANENO YOTE ANAYAJUA KINDI, NAMI NILITISHIA KUMKALIA!"

"Lo!" wazazi wakaguna. Mama Nyati akajifunika uso kwa ushungi.

"Kwa hiyo taji hili namvika yeye."

"KWA HIYO TAJI HILI NAMVIKA YEYE... Aa! Ngoja kwanza!"

"Ungoje nini?" akauliza Tembo, akijizuia kucheka. "Mfalme ameshatamka. Mvike!"

Nyati angefanya nini mbele ya wazazi wote wale? Akamwita Kindi, akamvika taji. Likapita kichwani, likapita mabegani, likaja kukwama kiunoni. Kindi hakujali hata kidogo. Aliruka juu ya kiti cha enzi, pwi! Akanguruma kama alivyonguruma jikoni kwao, na maneno yakamtoka yote, la kwanza hadi la mwisho, kwa furaha tupu.

"Nakusikia, mfalme wangu!" mama yake akaitika kutoka nyuma kabisa, na vigelegele vikafuata.

Nyati alipewa kazi ya kushika pazia, naye aliishika vizuri sana, maana haina maneno.

Pazia langu nami nalifunga hapa, wanangu: mvivu anayesubiri kusemewa kila kitu, siku moja atajisema mwenyewe.