Mtoto wa Bibi Nakiete Aitwe Nani?

Sogeeni hapa karibu, na mwenye neno lake alimalize sasa. Nikianza sitaki kukatizwa, na nikimaliza nitawataka mseme ninyi. Hadithi hii ina swali, na jibu lake sinalo.

Palikuwa na wanawake watatu milimani Lushoto, wakiishi katika nyumba ndefu ya mawe waliyorithi kwa shangazi. Zamani nyumba ile ilikuwa bweni la wasichana wa shule. Vyumba vyake ni vingi, na baraza lake ni pana hata watoto wanaweza kufukuzana humo siku ya mvua. Wanawake hao waliifanya nyumba ya kupokea wageni wa mapumziko.

Wa kwanza aliitwa Hadia, dada mkubwa. Kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Ukimpigia simu kuuliza habari za chumba, utajikuta umemweleza na maradhi ya mama yako.

Wa pili aliitwa Shemsa, mdogo wake. Yeye kipaji chake kilikuwa mikononi. Alijifunza useremala kwa baba yao, na hakuna kilichovunjika kikamshinda.

Wa tatu aliitwa Mwantumu, wifi yao, mjane wa kaka yao. Alitoka Pangani akaja kuolewa milimani. Mume alipofariki, mawifi walimwambia, "Ukiondoka, tutakuwa tumefiwa mara mbili," basi akabaki. Kipaji chake kilikuwa jikoni.

Kwa muda mrefu nyumba ilipata wageni wawili wawili tu. Walichukua chumba kimoja, wakapiga picha za milima, wakaondoka. Vyumba vingine vilinuka unyevu. Siku moja Hadia akasema, "Nyumba hii haikujengwa kwa ajili ya watu wawili. Tuwaite watu wenye ukoo." Akaweka mtandaoni picha ya baraza, chini yake akaandika, "Leteni wote. Hapa hatutawagawa."

Maneno hayo yakasomwa Same na mwanamke aitwaye Namsifu. Akapiga simu.

"Dada, umeandika hamgawi watu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Mko wengi?"

"Tuko ukoo mzima. Mama yetu, Bibi Nakiete, amezeeka. Anataka watoto, wajukuu na vitukuu walale nyumba moja, japo mara moja tu kabla hajafa. Kila tunakouliza wanatuambia wazee huku, vijana kule, wengine hoteli ya jirani. Mama hataki. Anasema anataka asikie kila mmoja akikohoa."

"Basi njooni wakohoe hapa," Hadia akajibu, wakacheka wote wawili.

Hadia akaanza kumuuliza majina. Nani magoti yanamsumbua, nani ananyonyesha, nani anaogopa giza. Namsifu akataja mmoja baada ya mwingine, hata alipofika kwa kaka yao wa kwanza sauti ikafifia.

"Yupo na Mbonea. Lakini huyo usimwandalie. Hatuongei. Alikuwa Dodoma baba alipofariki, tukazika hajafika. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa mama nikiwepo mimi."

"Naomba namba yake," Hadia akasema.

"Ya nini, dada?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Mgeni akitajwa mlangoni kwangu, siwezi kujifanya sikusikia."

Akampigia Mbonea. "Shikamoo, kaka. Naitwa Hadia, wa Lushoto. Ndiye ninayeandaa nyumba atakayofikia mama yako. Nilitaka kujua jambo moja tu: wewe ni mrefu? Vitanda vingine ni vifupi."

Mbonea akauliza, "Nani kakwambia nakuja?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa unaniulizia nini kitanda?"

"Mama yako atapita vyumba vyote, kaka. Atakagua. Sitaki afike kwenye kitanda chako akute hakijatandikwa."

Mbonea hakusema nitakuja, wala hakusema sitakuja. Alisema, "Mimi ni mrefu," akakata simu.

Siku ya wageni ilipokaribia, kazi ikamwangukia Shemsa. Mpango ulikuwa watu wale uwanjani, chini ya turubai. Lakini mvua ya milimani haisomi mpango wa mtu. Ilianza asubuhi, upepo ukaja juu yake, turubai likang'oka likaning'inia kwenye miti ya misindano. Chumba cha kulia kilitosha robo ya watu tu.

"Tuwalishe kwa zamu," Mwantumu akasema. "Wazee kwanza, kisha vijana."

"Wifi, dada ameandika hatuwagawi," Shemsa akajibu, akachukua bisibisi.

Kati ya chumba cha kulia na ukumbi palikuwa na ukuta wa mbao uliowekwa enzi za bweni. Akaubomoa ubao kwa ubao. Kisha akaanza kung'oa milango ya vyumba vya kulala. Hadia alipotoka na mashuka mkononi, akamkuta mdogo wake ameubeba mlango wa tatu mgongoni.

"Shemsa! Wageni watalala bila milango?"

"Watalala na pazia. Bibi si alitaka asikie watu wakikohoa?"

Akailaza milango ile juu ya mabenchi, mmoja ukimfuata mwenzake, akapigilia mbao chini isitikisike, akatandika khanga juu yake. Ikawa meza moja iliyoanzia dirisha la mashariki ikaishia dirisha la magharibi. Nafasi zilikuwa sawa na watu waliotajwa, na ya Mbonea ikiwamo. Kiti cha pembeni hakikubaki hata kimoja.

Wageni wakafika wameloa, watoto wakipiga kelele, mabegi yakidondosha maji. Bibi Nakiete akashushwa kwenye gari akiwa amefunikwa blanketi. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Namsifu akamnong'oneza Mwantumu, "Mama hali, dada. Wiki nzima ni chai tu, na kikombe chenyewe hamalizi. Tumemleta kwa sababu amelia sana, lakini tunaogopa."

Mwantumu akaenda chumbani kwa Bibi, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni chakula, nitakula kesho."

"Si chakula, bibi. Nina tatizo. Mie mtu wa pwani, wali wa nazi naujua na samaki namjua. Nimeambiwa Wapare kwa makande hamtaniwi, na nimeyabandika, lakini sijui kama ninapika au ninaharibu. Watoto wako watanicheka."

Bibi akamtazama. "Umeweka maharage kabla ya mahindi?"

"Nimeweka pamoja."

"Pamoja!" Bibi akajiinua kwa kiwiko. "Nishike mkono. Nipeleke huko jikoni kabla hujawaua watu wangu."

Akakalishwa kwenye kigoda karibu na jiko. Mwantumu akamwekea mchuzi kidogo kiganjani. Bibi akaonja, akakunja uso: chumvi. Akaonja tena: maziwa. Akaonja tena, akasema bado. Mwantumu akawa anamletea kijiko kikubwa zaidi kila mara, naye Bibi hakuona, alikuwa amekazana kugomba. Makande yalipoiva, Bibi alikuwa amekwisha kula bakuli zima bila mtu kumwambia kula.

Watu walipokuwa wanakaa mezani, mtu mrefu akasimama barazani, koti linachuruzika. Alikuwa Mbonea. Hadia akampokea begi, akamwonyesha chumba chenye kitanda kirefu. Lakini Mbonea hakuingia ukumbini. Alizungusha macho akitafuta pa kukaa mbali na dada yake, asipaone. Ilikuwa meza moja tu. Akageuka kama anayetaka kurudi barazani.

Hapo Mwantumu akatokea mlangoni mwa jikoni akipunga tambara. "Jamani, sufuria hili silimudu! Nipeni watu wawili wenye nguvu. Wewe baba mrefu, na wewe mama wa gauni la bluu. Upesi, yasije yakaungua!"

Mama wa gauni la bluu alikuwa Namsifu.

Wakaingia jikoni. Huku na huku wakashika masikio ya sufuria kwa matambara. Ukilibeba sufuria la makande na mwenzako, huwezi kwenda mwendo wako. Akisimama, unasimama. Akiliinua, unaliinua.

"Shika vizuri," Mbonea akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa dada yake tangu msiba.

"Nimeshika. Wewe unakwenda mbio."

"Basi taratibu."

Ukoo mzima ukageuka kuwatazama wakija, hatua kwa hatua, mvuke ukiwapanda usoni. Wakalitua sufuria katikati ya meza. Nafasi zilizobaki zilikuwa mbili, zimepakana. Wakakaa.

Namsifu akasema akiwa ametazama sahani, "Mvua ilikata barabara. Nilikungoja, kaka. Nilikungoja mpaka wazee wakaniambia mwili hauwezi kungoja tena."

"Najua. Niliambiwa na watu," Mbonea akajibu. "Nilitaka kuambiwa na wewe."

Namsifu akaweka paji la uso kwenye bega la kaka yake, kwenye koti lile lililoloa, akalia. Watu wakajifanya wanapakua chakula. Bibi Nakiete, aliyekuwa ameketi mwanzo wa meza, akaanza kuwaita majina wajukuu wake kuanzia dirisha hili hadi lile, na kila aliyeitwa akaitika. Hakuna aliyekosekana.

Asubuhi Bibi aliamka akawaambia wenyeji, "Mbonea anakoroma kama baba yake. Nimesikia vizuri."

Wakakaa siku chache, wakacheza, wakagombana kidogo kama ndugu. Siku ya kuondoka, Bibi akaomba wanawake watatu waje barazani. Pajani alikuwa na mtoto mchanga wa kike, binti wa mjukuu wake Yunisi.

"Huyu hana jina," Bibi akasema. "Kwetu mkubwa wa ukoo ndiye anayetoa jina, nami niligoma. Nilisema siwezi kumkaribisha mtoto kwenye ukoo uliopasuka. Sasa nataka kumpa jina la mwenyeji aliyemrudisha mwanangu kwenye meza yangu. Jina moja, lisiwe matatu. Mtoto akirundikiwa majina hatajua aitikie lipi. Ni nani kati yenu?"

Watatu wakatazamana.

"Ni Hadia," Mbonea akasema. "Hakuna mwingine aliyenipigia simu. Ndugu zangu wenyewe walinifuta. Nisingetoka Dodoma."

"Ulikuja, kaka, lakini ulikuwa unatafuta pa kujificha," Namsifu akasema. "Tungelishwa kwa zamu ungengoja zamu ya vijana, ukala, ukalala, ukaondoka alfajiri. Ni Shemsa. Aling'oa milango ya nyumba yake ili tusipate pa kukimbilia."

Yunisi akatikisa kichwa. "Mngekaa meza moja mmenuniana mpaka leo. Aliyewabebesha sufuria ni Mwantumu. Na bibi je? Angekuwa amelala chumbani na njaa yake, mngepatana mbele ya nani?"

Mwantumu akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mie nina wajukuu wawili wanaoitwa Mwantumu huko Pangani. Mpeni wifi Hadia. Kati yetu watatu ni yeye tu hakujaliwa mtoto, hana atakayelibeba jina lake."

Hadia akashtuka. "Wifi, tafadhali. Jina nisipewe kwa kuonewa huruma. Kama sikulistahili, lipite."

"Unalistahili, dada," Shemsa akasema polepole. Kisha akanyamaza, na waliomtazama waliona kwamba naye alilitaka. Alikuwa akimtazama mtoto, na mikono yake, yenye malengelenge bado kutokana na ile milango, alikuwa ameificha nyuma.

Bibi Nakiete akawatazama mmoja mmoja. Dereva alikuwa amewasha gari. Mtoto akapiga mwayo.

Mimi naishia hapo. Nimewasimulia wengi, na kila mara watu wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba asiyeitwa haji, basi jina ni la Hadia. Wengine husema kuja si kukaa, basi ni la Shemsa. Na wengine husema kukaa pamoja si kupatana, wakamtaja Mwantumu. Mama mmoja alinibishia kwamba Hadia apewe hata kama wote walifanya sawa, kwa sababu wenzake wamejaliwa watoto. Mzee mmoja akamjibu kwamba Shemsa naye ana moyo, asidhulumiwe kwa kuwa hakusema.

Sasa ni zamu yenu. Bibi ni huyo, amemshika mtoto na anangoja. Mngekuwa ninyi, mngemwita nani, na mngewaambia nini wale wawili waliobaki?