Sheria ya Tembo Kisimani

Paukwa!
Pakawa!
Ninyi wa nyuma mmelala? Paukwa!
Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa jimbo moja walikuwa na kisima kimoja na baraza moja la kutunga sheria. Kisima nakielewa. Baraza nitawasimulia, lakini msiniulize sana, maana hata mimi linanichanganya.

Mwaka ule mvua ziligoma. Na Nyani alikuwa mlevi. Kila siku alikuja kisimani na kibuyu cha pombe ya mnazi, akanywa, akaimba, akatapika majini. Bibi Tembo alichukia, jamani! Akaenda kwa Nungunungu, mwandishi wa miswada, aliyeandika kwa miiba yake mwenyewe.

"Andika," akamwambia. "Tembo ni marufuku kisimani."

"Hivyo hivyo, Bibi?"

"Hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Nungunungu akaandika. Muswada ukapelekwa barazani, kwa Spika Kobe.

Ukasomwa mara ya kwanza. Bibi Tembo akasimama aeleze. Kobe akasema, "Keti, Bibi. Mara ya kwanza tunasoma jina tu."

Ukapelekwa kwenye kamati, ipime neno kwa neno. Kamati ilikaa shimoni kwa Nungunungu. Bibi Tembo aliingiza mkonga, mwili ukabaki nje, hakusikia kitu.

Ukasomwa mara ya pili. Akasimama tena. "Keti, Bibi. Mara ya pili tunajadili nia. Yupo asiyetaka maji safi?" Hakuwepo.

Ukasomwa mara ya tatu. Akasimama tena. "Keti, Bibi. Mara ya tatu ni kupiga kura. Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!" Na sauti kubwa kuliko zote, wanangu, ilikuwa ya nani?

"Ya Bibi Tembo!"

Ya Bibi Tembo. Simba akapiga muhuri kwa ukucha, ikawa sheria.

Kesho yake Bibi Tembo akaenda kunywa maji. Fisi alikuwa mlangoni na karatasi.

"Nani wewe?"

"Tembo."

"Tembo ni marufuku kisimani. Rudi."

"Fisi, una wazimu? Sheria hii nimeileta mimi!"

"Hongera, Bibi. Rudi."

Akakimbilia kwa Nungunungu. "Umeniandika nini wewe? Nilisema pombe!"

"Ulisema tembo, Bibi. Ungesema tembo hili, ningejua la kibuyuni. Ungesema tembo huyu, ningejua ni wewe. Hukusema hili wala huyu, nami nikakatazwa kuongeza."

"Basi futa!"

"Sifuti. Kufuta kunataka muswada mwingine. Usomwe mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu."

"Usomwe leo!"

"Baraza limeahirishwa, Bibi. Litakutana mvua zikinyesha."

Mvua zikinyesha! Mnasikia? Mvua zikinyesha, kisima cha nini? Bibi Tembo alikaa chini akalia, na machozi yenyewe yalitoka machache.

Siku ya pili akaenda. "Nani wewe?" "Tembo." "Rudi."

Siku ya tatu akaenda, ulimi umekauka. Akamkuta Nyani mbele yake, na kibuyu chake kwapani. Hee! Moyo wake ukapoa kidogo. Angalau huyu atarudishwa naye.

"Kibuyuni mna nini?" Fisi akauliza. "Tembo?"

"Tembo? Mimi? Sithubutu, mzee. Huu ni mnazi."

Fisi akasoma karatasi mbele, akasoma nyuma. "Mnazi haumo. Pita."

Bibi Tembo akabaki mdomo wazi. Haelewi.

"Na wewe, nani wewe?"

Akamtazama Fisi. Akayatazama maji. Akakumbuka jina ambalo marehemu nyanya yake alimwitia utotoni.

"Ndovu," akasema.

Fisi akasoma mbele, akasoma nyuma. "Ndovu hayumo. Pita."

Ndiyo maana mnyama yule ana majina mawili hadi leo. Na sheria ile, nasikia, ipo hadi leo na muhuri wake, wala hajatokea hata mmoja aliyeivunja.

Ndovu akaingiza mkonga kisimani, akanywa, akanywa, akanywa. Maji yalikuwa yananuka mnazi.

Hadithi yangu imefika kisimani, na hapo ndipo imeishia.