Kwa Nini Ukuta wa Holbari Una Kiwiko

Ukifika Holbari, mji wa Wasaksoni kule kwenye mito ya baridi, utaona ukuta wake umenyooka vizuri, ghafla unapinda kama kiwiko, kisha unanyooka tena. Wageni husema fundi alikuwa amelewa. Waache waseme, hawajui.

Mji ule haukuwa na ukuta tangu awali. Kila mavuno yalipoiva, maharamia walipanda mto kwa mashua zao, wakala walichotaka na kuchoma kilichobaki. Basi Malkia Edilda, mjane aliyeushika upanga wa mumewe bila kumwomba mtu ruhusa, akaamuru mji uzungushiwe ukuta. Mafundi wakapiga vigingi na kuvuta kamba, nayo kamba ikapita katikati ya ua wa Bi Golda, mfuga nyuki.

Golda hakuwa na shamba wala mtoto. Alikuwa na mizinga yake tu, vikapu vya majani makavu vilivyofudikizwa chini, na huo ulikuwa msimu wa maua. Ukihamisha mzinga wakati huo, nyuki hurudi palepale walipopazoea, wasione mlango, wakafa.

"Mama, mji mzima hauwezi kumpisha mdudu," fundi mkuu akamwambia.

Golda alishikwa na uchungu, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Malkia.

"Bibi yangu, kabla ya kupiga vigingi, waliuliza nani anaishi hapa?"

Malkia akaja mwenyewe, akang'oa vigingi kwa mikono yake na kuvikita upya nyuma ya mizinga. "Ukuta huu ni wa wenyeji," akasema. "Golda ni mwenyeji, na nyuki wake pia."

Watu walicheka wee, wakasema Malkia kalambishwa asali.

Ukuta ukajengwa, mavuno yakaiva, maharamia wakaja. Walipoona kiwiko wakadhani hapo ndipo ukuta ulipo dhaifu, wakaupandia hapo. Ndani wakakuta vikapu vimepangwa safi, vya mviringo kama mikate mikubwa, na njaa ya safari inawauma. "Mikate!" wakapiga kelele, kila mmoja akajitwisha chake.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawa walifuatwa na nyuki, na asali hawakuionja. Waliruka ukuta bila viatu, wakajitosa mtoni na ngao zao. Golda alicheka mpaka akakaa chini, na Malkia taji likamwendea upande. Kisha mji mzima ukatoka kumsaidia Golda kurudisha vikapu mahali pake, na nyuki wakarejea nyumbani wakiwa bado wamenuna.

Na tangu siku hiyo, fundi wa Holbari hapigi kigingi, hata cha banda la kuku, kabla hajasimama akauliza kwa sauti, "Nani anaishi hapa?" Huuliza hata pasipo na mtu. Na akiuliza pale kwenye kiwiko, hujibiwa.