Kulwa Analilia Nini?

Hebu tumtazame mwanamke mmoja, ndugu zangu, mwenye kampuni ndogo ya intaneti katika mji usiotofautiana sana na huu wetu. Si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana najua tunavyopenda mifano yenye watu wabaya: tunakaa kwenye mabenchi tumestarehe, tukijua hatusemwi sisi.

Siku ya kununua mitambo, washauri walimwambia achukue ruta moja kubwa, yenye bei ya kutisha na jina la kutambia. Ruta, kwa wasiojua, ndiyo mashine inayopokea intaneti na kuielekeza kwa kila mteja. Akakataa. Alinunua mbili za bei nafuu, zenye kasi ya kutosha, kila moja na waya wake na umeme wake, ili moja ikizima nyingine ibebe mzigo palepale. Alichagua vizuri. Asitoke mtu hapa akasema kosa lilikuwa bei nafuu. Mafundi wakazipa majina ya mapacha, Kulwa na Doto.

Siku ya uzinduzi alisimama mbele ya wateja, gauni la kitenge limemkaa sawasawa, akamwambia mganga mkuu wa hospitali ya mji: "Daktari, mmoja akifa, mwenzake anabeba. Hamtajua kitu."

Watu wakapiga makofi. Hata mimi ningepiga.

Ikaja masika na radi zake. Asubuhi moja fundi wake alimkuta mapokezi akipanga vikombe.

"Bosi, Kulwa analia. Tangu ile radi ya jana. Taa nyekundu, na mlio haukomi, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake."

"Wateja wanapata intaneti?"

"Wanapata. Doto kabeba wote."

"Sasa Kulwa analilia nini?"

Fundi akacheka, naye akacheka. Swali lilikuwa tamu, na swali tamu lina ubaya wake: mtu halijibu.

"Mzimie sauti," alisema. "Watu wa benki wako njiani. Tutamshughulikia wiki ijayo."

"Na taa je? Kabati lako la mitambo ni la kioo, bosi. Wataiona."

Akatazama huku na huku. Juu ya sinia la vikombe palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kazi ya mikono ya fundi cherehani wa mtaa wa pili, yuleyule aliyemshonea gauni la uzinduzi. Akakitandaza juu ya mitambo, maua yakaning'inia mbele ya taa. Watu wa benki walikisifia sana.

Wiki ijayo ikaja, ikapita, kama kawaida yake. Kuna mteja aliyelalamika? Hakuna. Kasi ilipungua? Haikupungua. Ahadi ya uzinduzi ilitimia neno kwa neno: mmoja alikufa, mwenzake akabeba, na hakuna aliyejua kitu. Mwenye kampuni mwenyewe alifika mahali hajui tena. Ukimuuliza angekuambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba anazo ruta mbili.

Kiangazi, mchana mmoja wa joto kali, Doto naye akazima.

Saa hiyo hospitalini alikuwapo mgonjwa aliyeanguka ghafla sokoni, upande mmoja wa mwili umelegea. Picha ya ubongo wake ilikuwa inatumwa kwa daktari bingwa katika jiji la mbali, aseme kama anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa hiyo haisubiri mtu. Picha ikafika nusu, ikasimama. Mganga mkuu akapiga simu kule kwenye kampuni.

"Mama, ulisema wako wawili."

"Wako wawili, Daktari, wako!" alijibu, huku akikivuta kile kitambaa. Chini yake zilikuwa zinawaka taa mbili nyekundu, na moja ilikuwa na vumbi.

"Mama? Unanisikia?"

"Walikuwa wawili," alisema.

Mpaka picha ilipofika, vipande vipande kwa simu za mkononi, muda wa ile dawa ulikuwa umekwisha. Mgonjwa hakufa, tunamshukuru Mungu. Ila mkono wake wa kulia haukurudi. Alikuwa yule fundi cherehani.

Mwenye kampuni alikwenda kumwona na mfuko wa machungwa, na maneno ya kuomba radhi ameyapanga njia nzima. Fundi cherehani hakujua habari za ruta wala radi. Akafurahi kama mtu anayetembelewa na ndugu.

"Karibu, dada'angu. Eti kile kitambaa changu bado unacho?"

"Ninacho."

"Basi kitunze. Sitafuma kingine."

Yale maneno aliyoyapanga hayakutoka. Alirudi nayo nyumbani, na mpaka leo anayo.

Sasa sisi. Nani kati yetu hana Doto? Mama mzee kule nyumbani ana watoto wawili. Anakula, anaogeshwa, anapelekwa kliniki. Tunapiga simu: "Mama hajambo?" "Hajambo." Tunashukuru, tunakata. Anayembeba ni nani? Ni mmoja. Mwingine alizima zamani, siku hizi hutuma salamu. Na hapa kanisani, mbona kiti hiki kinafutwa vumbi kila Jumapili na hatujui kwa mkono wa nani? Tunasema mambo yanakwenda. Yanakwenda, ndiyo. Mgongoni mwa mtu.

Mungu alitupa wa pili ili tupate nafasi ya kumtengeneza wa kwanza. Sisi nafasi hiyo tumeitumia kutafuta kitambaa kizuri.

Sitaki mtu anyooshe mkono. Nataka ukitoka hapa, kabla ya chakula, umpigie huyo aliyebeba sehemu yako miaka yote hii. Usimuulize kama Mama hajambo. Muulize yeye, hujambo? Na akijibu "Sijambo," usikate simu.